Ijumaa hadi Jumapili: kisa cha gego lililokaribia kuziba njia ya hewa

Mgonjwa wa kisa hiki anaishi katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina lake, kijiji chake, umri kamili na tarehe nimeviondoa, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Mwenyewe aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Ninaandika kama tabibu wa meno niliyemhudumia, na pia kama mmoja wa waliomchelewesha.

Usuli

Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto watatu. Alikuwa dereva wa bodaboda ya mkataba: kila siku unapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na ukimaliza miezi mliyokubaliana pikipiki inakuwa yako. Alikuwa amebakiza miezi minne. Hilo halihusiani na meno, lakini bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu anakaa na jino bovu karibu mwaka mzima. Siku ya kwenda kliniki ni siku isiyo na hesabu.

Jino lenyewe lilikuwa gego la pili la chini, upande wa kushoto, lile ambalo kwenye kadi zetu huandikwa namba 37. Lilianza kwa tundu dogo juu, chakula kikawa kinanasa. Halafu likaanza kuuma akinywa maji baridi, na baadaye likawa linauma lenyewe usiku, maumivu yanapanda mpaka sikioni. Alikwenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya rangi mbili, sita tu, na dawa za maumivu. Vilipokwisha alirudi kuchukua vingine sita. Kijiweni mwenzake alimpa pamba iliyochovywa kwenye maji ya betri, akaikandamiza kwenye tundu. Iliunguza fizi na shavu kwa ndani, lakini baada ya siku chache maumivu yakakata.

Yakakata kwa miezi minne. Yeye na mkewe waliamini jino limepona.

Mlolongo wa matukio

Jumatano aliamka na shavu limevimba. Hakuumwa sana, akaenda kazini.

Alhamisi uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya. Alipita zahanati ya kata, akaandikiwa amoksilini na kuambiwa maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia: jino lenye uvimbe haling'olewi, meza dawa kwanza, uvimbe ukishuka nenda ukang'oe.

Ijumaa saa nane na nusu mchana alifika kliniki yetu ya meno, hapa hospitalini. Nilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kwenye benchi, na ganzi iliyobaki ilikuwa chupa chache. Nilimwambia afungue kinywa, kikafunguka upana wa vidole viwili. Niliona gego lililobomoka na fizi nyekundu. Niligusa uvimbe chini ya taya upande wa kushoto, ulikuwa wa moto. Sikupima joto wala sukari, na sikumwambia anyanyue ulimi nikaona chini yake. Nilimwongezea metronidazo juu ya amoksilini, nikamwambia, "Kaka, leo ganzi haitashika vizuri na kinywa hakifunguki. Njoo Jumatatu asubuhi, uwe wa kwanza." Alisema, "Sawa, daktari, asante." Mkewe aliuliza kama hakuna hatari. Nilimjibu dawa zitafanya kazi.

Jumamosi alishindwa kumeza ugali, akanywa uji. Usiku uji nao ukashindikana. Jumapili mchana alikuwa anatema mate kwenye kopo kwa sababu hayamezeki, na uvimbe ulikuwa umevuka kidevu kwenda upande wa kulia. Walisubiri jioni kwa kuwa kesho yake ndiyo Jumatatu waliyopewa. Saa mbili usiku shemeji yake alimpakia kwenye pikipiki, akiwa katikati, wakamleta.

Nilipigiwa simu. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono magotini, mate yanachuruzika. Shingo yote chini ya kidevu ilikuwa imejaa, ngumu kama ubao, ukibonyeza haibonyei. Ulimi ulikuwa umenyanyuliwa juu na kusukumwa nyuma na uvimbe wa sakafu ya kinywa. Aliongea kama mtu aliyebugia ugali wa moto. Joto nyuzi 39.2, mapigo ya moyo 126 kwa dakika, oksijeni asilimia 92.

Hali hiyo inaitwa anjaina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1836. Siyo jipu la kawaida. Ni uambukizo unaosambaa katika nafasi zilizo chini ya ulimi na chini ya taya, pande zote mbili, na mgonjwa hufa kwa kukosa hewa kabla usaha haujamfikisha popote. Kabla ya antibayotiki, zaidi ya nusu ya waliougua walikufa.

Maamuzi ya usiku ule, na sababu zake

La kwanza lilikuwa kutomlaza. Daktari wa zamu, kijana makini, alitaka mgonjwa alale chali apigwe picha ya shingo. Mtaalamu wa usingizi alikataa kabisa: ukimlaza, ulimi unarudi nyuma na unafunga mlango. Picha isingetuambia kitu ambacho macho yetu hayakuwa yameona. Alibaki ameketi, akapewa oksijeni akiwa hivyo hivyo.

Uamuzi wa pili ulitoka kwa muuguzi, na namshukuru mpaka leo. Wakati sisi tunabishana kuhusu shingo, yeye alikuwa anaongea na mke. "Dada, siku hizi anaamka usiku kwenda haja ndogo?" Anaamka mara nne, mara tano. "Na maji?" Anamaliza jagi. Akachoma kidole: sukari milimoli 19.6 kwa lita, juu mno. Hakuna mtu aliyewahi kumpima sukari maishani mwake. Tukaanza dripu na insulini pamoja na seftriaksoni na metronidazo za mshipa, dozi ya kwanza ikaingia ndani ya dakika ishirini tangu afike.

La tatu ndilo lililotugawa: tumpasue hapa, au tumpe rufaa? Hospitali ya mkoa iko mwendo wa saa mbili, na sehemu ya barabara ni ya vumbi. Hoja ya kubaki ilikuwa kwamba anaweza kufia njiani. Hoja ya kumpeleka ilikuwa kwamba kumlaza usingizi bila njia ya hewa iliyohakikishwa kungemuua mezani, na kwetu hakuna aliyewahi kufungua tundu la hewa kooni kwa mtu aliye macho. Mganga mfawidhi alisikiliza pande zote kwa simu, akauliza swali moja tu: oksijeni inashuka au imesimama? Ilikuwa imesimama, na baada ya kuongezewa ilipanda hadi 96. Akaamua aende, lakini si peke yake na dereva. Mtaalamu wa usingizi alipanda gari la wagonjwa na vifaa vya kutoboa koo kwa dharura, na mgonjwa alikaa wima njia nzima huku shemeji amemshikilia mgongo. Kabla gari halijaondoka tulimpigia mpasuaji wa kinywa na taya wa mkoa, na chumba cha upasuaji kikafunguliwa wakiwa bado barabarani.

Kule walimfungulia tundu la hewa kooni akiwa macho, ameketi nusu, kwa ganzi ya sindano. Njia ya hewa ilipokuwa salama ndipo wakampa usingizi, wakafungua nafasi zote zilizovimba pande mbili. Usaha ulikuwa kidogo sana. Yalitoka maji ya kahawia yenye harufu mbaya, kama ilivyo kawaida ya ugonjwa huu. Wakaweka mirija ya kutolea uchafu, na katika upasuaji huohuo waling'oa gego namba 37.

Matokeo

Alikaa siku tatu wodi ya uangalizi maalumu. Tundu la kooni lilifungwa siku ya saba, na aliruhusiwa siku ya kumi na nne akiwa na dawa za kisukari na miadi ya kliniki. Ana kovu chini ya kidevu na jingine kooni. Sauti imerudi.

Pikipiki haikurudi. Majuma matatu bila hesabu yalitosha kwa mwenye chombo kumpa mtu mwingine, na miezi aliyokwisha kulipa ikapotea. Mkewe aliuza mbuzi wawili na magunia ya mahindi yaliyotunzwa kwa ada ya mtoto mkubwa. Kung'oa jino hilo mwezi wa kwanza lilipouma kungemgharimu chini ya hesabu yake ya siku mbili.

Uchambuzi

Nianze na Ijumaa, maana hapo ndipo ninapojua kila kitu kilichokuwa kichwani mwa mtoa huduma.

Imani kwamba jino lenye uvimbe haling'olewi haiko kwa wagonjwa tu. Iko zahanati, iko maduka ya dawa, na kwa sura ya staha zaidi iko kwetu sisi wa meno. Sikuamini kuwa kung'oa kungemuua. Nilifundishwa vizuri kwamba kuondoa chanzo ndiyo tiba yenyewe. Lakini imani hiyo ilinipa ruhusa ya kuahirisha bila kuulizwa na mtu yeyote, hata na mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa alikuja akiitegemea. Siku ambayo ganzi ni chache na benchi limejaa, ruhusa kama hiyo ni tamu mno.

Sasa tuseme ukweli wake ulipo. Sehemu iliyovimba ina tindikali zaidi, na ganzi ikidungwa papo hapo haishiki vizuri. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu tunadunga mbali na uvimbe, kwenye mshipa wa fahamu wa taya kabla haujafika kwenye jino. Kinywa kisichofunguka nacho ni kikwazo cha kweli. Lakini kikwazo hicho maana yake ni "mgonjwa huyu amezidi uwezo wa kiti hiki, apelekwe mahali pengine leo". Mimi nilikisoma kama "arudi Jumatatu". Kinywa kutofunguka kilikuwa dalili ya hatari, nikakifanya sababu ya kuahirisha.

Na dawa peke yake isingeweza kushinda. Antibayotiki husafiri kwa damu. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo ghala la wadudu linabaki salama hata ukimeza vidonge mwezi mzima. Vidonge vya mdomoni vinaweza kupunguza uvimbe ulio nje na kumfurahisha kila mtu kwa wiki mbili, kisha unarudi. Dozi nusunusu za sita-sita alizokuwa akinunua zilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa zinalea usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sina ushahidi kwamba wadudu wake walikuwa sugu, kwani usaha haukuoteshwa maabara. Nao huo ni upungufu unaostahili kuandikwa.

Kisha ile miezi minne ya ukimya. Katika kisa chote hiki, hapo ndipo ningetamani kila msomaji asiye mtaalamu asimame. Jino linalouma usiku lina kiini, ile sehemu laini iliyo hai ndani yake, ambacho bado kinapigana. Maumivu yakikata yenyewe bila tiba, mara nyingi kiini kimekufa, na uozo sasa unateremka kwenye ncha ya mzizi kuingia kwenye mfupa. Mizizi ya gego la pili na la tatu la chini hufika chini ya mstari ambapo msuli wa sakafu ya kinywa umeshikamana na taya. Usaha ukitoboa mfupa pale hautokei kwenye fizi ambako mtu angeuona na kuutema. Unaangukia moja kwa moja kwenye nafasi ya chini ya taya, shingoni. Gego la chini lililonyamaza si sawa na jino la mbele lililonyamaza.

Kisukari hakikusababisha tundu la jino, ila kiliugeuza uambukizo wa kawaida kuwa wa siku nne. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinapigana vibaya. Uhusiano huo pia unarudi upande wa pili: ugonjwa wa fizi usiotibiwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mgonjwa huyu alikuwa amepita kwenye milango mitatu ya afya, na kifaa cha kuchoma kidole kilikuwepo angalau kwenye mlango wangu. Tuliona jino, hatukumwona mtu.

Kuhusu kilichooza jino lenyewe, hakuna fumbo. Alikuwa akinywa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kutwa nzima, fundo kwa fundo, chupa ikining'inia kwenye usukani. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi, zaidi ya vijiko kumi vya chai. Bakteria wa kinywani huigeuza kuwa tindikali, na kiwango cha pH, kipimo ambacho hushuka tindikali inapozidi, kikiwa chini ya 5.5 ngozi ngumu ya jino huanza kuyeyuka. Mate huhitaji nusu saa hivi kurekebisha. Anayekunywa chupa yote kwa mara moja huyapa mate nafasi hiyo. Anayeonja kila baada ya abiria mmoja hayapi kamwe. Alikuwa akipiga mswaki asubuhi tu, kabla ya chai.

Yaliyofanya kazi usiku ule ni machache na ya kawaida: kumwacha ameketi, dozi ya mshipa mapema, swali la muuguzi, mtaalamu wa njia ya hewa ndani ya gari, na simu iliyopigwa kabla ya safari. Hakuna hata kimoja kilichohitaji mashine mpya. Ningependa pia kutetea uamuzi wa rufaa, maana wenzangu wawili bado wanaona tulibahatisha. Oksijeni ingekuwa inashuka, ningekuwa upande wao: hapo koo hutobolewa palepale ulipo, na aliyepo. Kwa kuwa ilisimama, tulikuwa na saa chache, na saa hizo zilikuwa na thamani kubwa zaidi mikononi mwa watu waliozoea kazi hiyo.

Kisa kimoja na afya ya jamii

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, na kati yao takriban bilioni 2 wana meno ya utu uzima yaliyooza bila kutibiwa. Watoto wenye meno ya utotoni yaliyooza ni milioni 514. Wengi wao hawatafika kwenye chumba cha upasuaji usiku, na ndiyo maana tatizo linaonekana dogo. Linaonekana dogo pia kwa sababu kitabu cha wodi kiliandika kisa hiki "uambukizo wa shingo, kisukari kipya". Neno jino halimo. Anayepanga bajeti ya wilaya kwa kusoma vitabu hivyo hataona sababu ya kuagiza ganzi nyingi zaidi au vifaa vya kuziba.

Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mbinu ya kuziba tundu kwa vifaa vya mkono, bila umeme na mara nyingi bila sindano, ilianzia hapa kwetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikasambaa duniani. Unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, unajaza saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Tundu la bodaboda wetu, wakati bado linanasa chakula tu, lingezibwa hivyo kwa nusu saa. Katika kliniki yetu mwaka ule saruji ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeiagiza kwa kuwa kila mtu alikuja kung'oa, na kila mtu alikuja kung'oa kwa kuwa hatukuziba.

Tuliyobadilisha

Sasa hakuna mwenye uvimbe anayetoka kwenye kiti changu bila kupimwa joto na sukari na bila kunyanyua ulimi. Kama kinywa hakifunguki vidole vitatu, kama kumeza kunauma, kama uvimbe umeshuka shingoni au umevuka upande wa pili, au kama sauti imebadilika, hapewi miadi. Anang'olewa au anapewa rufaa siku hiyohiyo, na aliye kwenye benchi anaelezwa kwa nini anasubiri. Dalili hizo tuliziandika kwenye karatasi moja kwa Kiswahili cha kawaida na kuzipeleka kwenye zahanati na maduka ya dawa ya kata tano. Kliniki ya kisukari hutuma wagonjwa wake wapya kuangaliwa fizi, ingawa siku zenye wagonjwa wengi jambo hilo bado linasahaulika. Maduka ya dawa ndiyo magumu zaidi: wauzaji hubadilika, karatasi inabanduliwa, na mteja anayetaka vidonge sita ana haraka.

Mgonjwa mwenyewe alirudi kwetu miezi miwili baadaye. Alikuwa na matundu mengine mawili madogo, gego la kwanza la kulia na jino la juu. Saruji ilikuwa imefika. Tuliyaziba yote mawili kwa mkono asubuhi moja, bila ganzi, sukari yake ikiwa 7.8. Aliomba kioo, akaangalia kinywa chake kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kovu, kisha akauliza kama anaweza kuwaleta wenzake wa kijiweni siku ambayo hakuna foleni. Nilimwambia awalete siku yoyote.